HASIRA YA MUNGU SI FIMBO YA KUWAPIGA WALIOUMIA

Leo tunataka kusema juu ya neno moja ambalo wengi wanalitamka na wachache wanalielewa: hasira ya Mungu. Tunalisema kwa sababu limeanguka katika mikono ya makundi mawili yanayoliharibu. Kundi la kwanza wanaiona hasira ya Mungu kila mahali: katika mlima unaowaka moto, katika ugonjwa, katika mtumbwi uliozama, katika mtoto aliyezaliwa kilema. Kundi la pili hawaioni mahali popote. Wanasema Mungu ni mwema, basi hawezi kukasirika wala kumhukumu mtu. Sisi wakatekista tunakutana na makundi hayo kila juma, na tunasema wazi kwamba yote mawili yanapotosha. La kwanza linamtukana Mungu mbele ya watu wanaolia. La pili linawanyang'anya watu hao hao baraza lao la mwisho la hukumu.

Tuanze na kundi la kwanza, na tuanze Goma, kwa maana huko neno hili limesemwa mara nyingi, na limewaumiza wengi.

Mlima Nyiragongo una urefu wa karibu mita 3,470, nao uko kaskazini ya Goma, umbali usiozidi kilometa 20. Tarehe 10 Januari 1977 ulipasuka ubavuni, na ziwa la moto lililokuwa ndani yake likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 uji wa moto uliingia katikati ya mji na kufika mpaka Ziwa Kivu. Watu maelfu kwa maelfu walikimbia, na zaidi ya 100,000 walibaki bila nyumba. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mkesha wa Pentekoste, mlima ulipasuka tena. Watu wapatao 30 walikufa, na siku tano baadaye serikali iliamuru mitaa kumi ya Goma ihamwe.

Kila mara mlima unapowaka, sauti fulani husikika. Mungu amechoka na Goma, zinasema; amechoka na ulevi wake, na uasherati wake, na ngoma zake za usiku. Mama aliyepoteza mtoto katika kukimbia ameketi chini ya turubai, hana sufuria wala kitenge cha kubadili. Mhubiri anafika na kipaza sauti na kumwambia kwamba ameonja ghadhabu ya Bwana. Kisha anaomba sadaka.

Tunawauliza wahubiri hao swali la kwanza. Moto wa mwaka 2002 uliteketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Je, Mungu aliikasirikia altare yake mwenyewe? Au tuseme kwamba waliosali humo walikuwa wabaya kuliko watu wa mitaa ambayo moto haukuifikia? Kama mnaijua maana ya kila nyumba iliyoungua, tupeni maana ya nyumba hii. Hamwezi. Basi hamjui maana ya zile nyingine pia, na mlikuwa mnakisia kwa jina la Mungu.

Swali la pili. Je, mmewahi kuuliza jinsi mlima huo unavyofanya kazi? Goma imejengwa katika bonde kubwa la ufa, mahali ambapo ardhi ya Afrika inatanuka na kupasuka polepole. Mawe yaliyoyeyuka huko chini yanatafuta njia ya kupanda. Uji wa Nyiragongo ni mwepesi kuliko ule wa volkano nyingi, ndiyo maana hukimbia katika mteremko. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Moto huu nao hufuata mkondo, wala haumwulizi mwenye nyumba kama Dominika iliyopita alikwenda Misa. Tukisema hivyo hatumfukuzi Mungu katika ulimwengu wake. Yeye aliiumba milima pamoja na sheria zake. Bwana wetu mwenyewe alifundisha mlimani kwamba Baba wa mbinguni anawaangazia jua wema na wabaya, naye anawanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Kama mvua haichagui shamba, kwa nini moto wa volkano uchague nyumba?

Na kuna jambo jingine ambalo wahubiri hao hawaligusi. Kabla ya mlipuko wa 2021, kituo cha Goma kinachochunguza volkano kilikuwa kimepungukiwa fedha za kazi yake. Mkisema kwamba mlima umewaka kwa sababu ya walevi wa mtaani, hakuna atakayeuliza habari za fedha hizo. Hakuna atakayeuliza kwa nini nyumba za maskini ziliachwa zijengwe tena juu ya njia ya moto. Hapo mahubiri yenu yamewapa wakubwa kivuli kizuri cha kupumzikia.

Sasa tuliangalie Neno la Mungu, kwa sababu wanasema ndilo wanalolihubiri. Katika sura ya 13 ya Injili ya Luka, watu walimletea Yezu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato wakati wa kutoa sadaka zao. Yeye mwenyewe akaongeza habari nyingine, ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Akawauliza kama waliokufa walikuwa na hatia kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe: hapana. Halafu akawaambia waliokuwa wanamsikiliza kwamba wasipotubu, wao pia wataangamia. Angalieni jinsi alivyogeuza kidole. Watu walikuja wakiwanyoshea kidole waliokufa; yeye akakigeuza kuelekea kwa wanaosimulia. Na palepale akatoa mfano wa mtini usiozaa, ambao mtunza shamba anauombea mwaka mmoja zaidi na kuahidi kuupalilia. Basi msiba ni wito wa kutubu, lakini wito huo ni kwa sisi tuliobaki hai. Waliozikwa hatukupewa kuwahukumu.

Katika sura ya 9 ya Yoane, wanafunzi walimwona kipofu, wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yezu alikataa yote mawili, akatema mate, akafanya tope, akamponya. Katika sura ya 9 ya Luka, Yakobo na Yoane walikasirika kwa sababu kijiji cha Wasamaria kilikataa kuwapokea. Wakataka kuamuru moto ushuke kutoka mbinguni. Je, Bwana aliwasifu kwa bidii yao? Aliwageukia akawakemea, wakashika njia kwenda kijiji kingine. Wote wanaotamani moto ushukie mtaa wa jirani wamekwisha kukemewa tangu siku ile.

Na nani asiyemjua Yobu? Rafiki zake walikaa naye chini siku saba kimya, na hapo walifanya vizuri. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu. Walimweleza kwa maneno marefu na matamu kwamba mateso yake yanatoka katika dhambi zake. Mwisho wa kitabu Mungu alisema neno lake. Hasira yake ilimwakia nani? Haikumwakia Yobu mwenye vidonda. Ilimwakia Elifazi na wenzake wawili, kwa sababu hawakusema kweli juu ya Mungu, wakahitaji kuombewa na yule yule waliyemshtaki. Ndugu mhubiri, ukipenda kuhubiri juu ya hasira ya Mungu, anza na ukurasa huo.

Tunajua watakavyotujibu. Watasema: Je, Sodoma? Je, maji ya Nuhu? Ni Mungu aliyeadhibu. Tunajibu kwamba ndiyo, Maandiko yanasema hivyo, nasi hatufuti hata herufi moja. Lakini pale Mungu mwenyewe alifunua maana ya jambo alilolitenda. Ufunuo wake kwa watu wote ulikamilika katika Kristu na Mitume wake. Kwa Nyiragongo hakuna nabii aliyetumwa, kuna wakisiaji tu. Tena someni vizuri habari za Sodoma. Abrahamu aliposikia kwamba mji unahukumiwa, hakushika kipaza sauti. Alisimama mbele ya Mungu akauombea, akishusha hesabu toka wenye haki 50 mpaka 10. Na nabii Ezekieli, katika sura ya 16, anaitaja dhambi ya Sodoma: ilikuwa na kiburi, ilishiba, ilistarehe, wala haikuushika mkono wa maskini. Ni nani basi anayefanana na Sodoma? Je, ni mama aliye chini ya turubai, au ni mtu aliyeshiba anayempita bila kumtazama?

Kosa hili si la madhehebu mapya peke yake. Hata watu wetu walilifanya. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, mji wa Lisbon katika nchi ya Ureno ulitetemeka asubuhi, wakati makanisa yamejaa watu. Makanisa yaliwaangukia waliokuwa wakisali. Bahari ikapanda, halafu moto ukala vilivyobaki. Padri mmoja Myezuiti, Gabriel Malagrida, mtu wa sala na aliyefanya kazi ya misioni miaka mingi huko Brazili, alitoa kitabu kidogo mwaka 1756. Alikataa kwamba tetemeko lilitoka katika nguvu za dunia. Alisema limetoka katika dhambi za watu wa mji. Serikali ilipokuwa inahangaika kuzika maiti na kujenga vibanda, yeye aliwataka watu waache hayo kwanza wafanye kitubio. Baadaye wakuu walimfukuza mjini, na mwaka 1761 wakamwua kwa ukatili. Kifo hicho kilikuwa dhuluma, nasi hatukisifu. Lakini kitabu chake pia hatukisifu. Kitubio hakikatazi kuzika wafu wala kuwajengea walio hai. Vyote viwili ni matendo ya huruma.

Labda mtu atasema: hayo ni maneno tu, yanamdhuru nani? Yanadhuru sana. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini, ukaenea hata Ituri, na haukutangazwa kwamba umekwisha mpaka tarehe 25 Juni 2020. Ulichukua watu zaidi ya 2,200. Chanjo ilikuwapo, na zaidi ya watu 300,000 waliipokea. Mtu anayeamini kwamba ugonjwa ni hasira ya Mungu anaogopa kuonekana amelaaniwa. Anamficha mgonjwa wake ndani, na kwa kumficha anawaambukiza wanaomuuguza. Hapo fundisho baya linachimba makaburi.

Tena hasira ikikosa mtu wa kuishukia, watu wanamtafuta. Wanauliza: ni nani aliyeleta laana hii nyumbani? Mara nyingi jibu linamwangukia aliye mdogo na asiye na mtetezi, yatima, mtoto anayekojoa kitandani, mtoto wa mke wa kwanza. Anaitwa mchawi, ananyimwa chakula, anafungiwa kwa maombi, anatupwa barabarani. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto imekataza mashtaka hayo. Sheria ya Kristu ilikataza zamani zaidi, alipomweka mtoto katikati ya wanafunzi na kusema habari za jiwe la kusagia shingoni mwa mtu anayewakosesha wadogo.

Na wapo wanaosema hata vita vya Kivu ni fimbo ya Mungu. Hapa tunakasirika kwa haki. Vita vina watu wanaovitaka, watu wanaonunua bunduki, watu wanaouza madini ili wanunue bunduki nyingine. Mnapoviita fimbo ya Mungu, mnawaosha mikono watu hao. Mwenye kuua anasikia mahubiri yenu na kulala vizuri, kwa maana mmemwambia kwamba yeye ni mtumishi wa hasira ya mbinguni.

Na sasa tuligeukie kundi la pili, ambalo hapa katikati limekuwa likitikisa kichwa kwa furaha. Ninyi mnaosema kwamba Mungu hana hasira kabisa, msifurahi upesi. Fundisho lenu ni la zamani. Mwaka 144 Wakristu wa Roma walimtenga mtu aitwaye Marcion, aliyefundisha kwamba Mungu wa Agano la Kale, mwenye haki na hasira, ni mwingine, na Baba wa Yezu, mwenye wema, ni mwingine. Eklezia ilimkataa kwa kuwa Mungu ni mmoja, na wema usiochukia uovu si wema. Marko anaandika katika sura ya 3 kwamba Yezu aliwatazama kwa hasira watu waliokuwa wakimvizia kama atamponya siku ya sabato mtu mwenye mkono uliopooza. Alikasirika, na katika kukasirika akahuzunika kwa ugumu wa mioyo yao, halafu akamponya mtu yule. Hasira yake ilisimama upande wa mkono uliopooza.

Hiyo ndiyo maana ya neno hili. Hasira yetu sisi watu ni damu inayochemka. Tunapiga kwanza, tunafikiri baadaye. Mtakatifu Agostino alifundisha kwamba hasira ya Mungu si fujo ya moyo, ni hukumu yake juu ya dhambi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye alifundisha kwamba tunamtajia Mungu hasira kwa mfano tu, kwa sababu anaadhibu, wala si kwa sababu anasukumwa na harara. Basi Mungu habadiliki asubuhi na jioni kama chifu mlevi. Ni yeye yule, mwenye upendo daima. Upendo huo ukikutana na mwenye kutubu unaitwa huruma. Ukikutana na anayemkanyaga mdogo na kukataa kuacha unaitwa hasira.

Fikirini kama hasira hiyo isingekuwapo. Msichana aliyetendewa uovu msituni, ambaye hakupata baraza wala shahidi, angemlilia nani? Mfanyakazi aliyenyimwa mshahara? Mtakatifu Yakobo anaandika katika sura ya 5 kwamba mshahara uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Nabii Amosi aliwatisha waliomwuza maskini kwa bei ya viatu. Kumwambia mtu kama huyo kwamba Mungu hakasiriki ni kumwambia kwamba Mungu hajali. Papa Benedikto XVI, katika barua yake Spe Salvi ya mwaka 2007, aliihesabu hukumu kati ya mahali tunapojifunza matumaini. Alifundisha kwamba haja ya haki ni sababu kubwa kupita zote ya kusadiki uzima wa milele. Kwa maskini hukumu ni habari njema. Anayeiogopa ni yule mwenye vitabu viwili vya hesabu.

Ndiyo maana kila Dominika tunakiri katika Sala ya Nasadiki kwamba Kristu atakuja kuwahukumu wazima na wafu. Mwaka 1336 Papa Benedikto XII alitangaza kwamba roho ya mtu, mara baada ya kufa, inapata sehemu yake bila kungoja mwisho wa dunia. Na siku ya mwisho, kadiri ya Mateo sura ya 25, tutaulizwa nini? Hatutaulizwa ni nani aliyemroga nani. Tutaulizwa juu ya mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, aliye uchi, mgonjwa na mfungwa. Mtu wa turubai la Goma anaingia katika orodha hiyo mara tatu au nne. Siku hiyo yeye hatakaa kizimbani. Mwamuzi atasema kwamba alikuwa ndani yake.

Mnataka kuona mtu anayesadiki hukumu? Mtazameni Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma hiyo hiyo. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali inayopima ubora wa bidhaa mpakani. Walimletea fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kipite, kiende kuliwa na watu. Alikataa. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Eklezia ilimtangaza Mwenye Heri huko Roma. Kama hasira ya Mungu ingeonekana kwa misiba, tungesema kijana huyu alikasirikiwa. Kumbe yeye alikuwa rafiki wa Mungu, na hukumu inawangoja wale walioleta chakula kibovu na waliomwua, wasipotubu.

Basi, ndugu zetu wakatekista, na ninyi nyote mnaosimama mbele ya watu, tushike mambo matatu. Kwanza, msiba ukifika, tufike na maji, unga na blanketi, tulie na wanaolia, tuzike wafu kwa heshima. Asitokee kati yetu mtu wa kueleza sababu za siri za Mungu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, walisema wazee. Sisi tulio juu ya udongo tunyamaze. Pili, tusiache kuhubiri hasira ya Mungu, lakini tuipeleke kwa mwenyewe: kwa mwizi wa mali ya watu wote, kwa askari mnyang'anyi, kwa mwalimu anayeuza alama, kwa mume anayempiga mke, kwa mhubiri anayempora mjane. Tuwaambie kwa jina la dhambi yao, mchana, hata wakiwa wameketi benchi la mbele. Tatu, tuipeleke kwanza katika dhamiri zetu wenyewe, mbele ya sakramenti ya kitubio, kwa maana yeye anayetupa mwaka mmoja zaidi wa kuzaa matunda hakutuahidi wa pili.

Mlima Nyiragongo utawaka tena. Wataalamu wanatuambia hivyo, na miaka iliyopita inashuhudia. Siku hiyo watu watakimbia tena na watoto mgongoni na magodoro kichwani. Wakifika katika misioni zetu, wasikute baraza la mashtaka. Wakute mlango wazi, chungu motoni na ndugu wanaowangoja.